Gombati Hafi

Sogeeni ndani, msisimame mlangoni kama polisi. Nafasi ipo, watoto wapakatwe. Habari yenyewe ni ya nchi moja ya mbali mno, basi halifiki na simu hazishiki, kwa hiyo asitokee mtu hapa akakunja uso akidai nimemtaja. Sikumtaja mtu. Namtaja Gombati, na kwetu hapa Gombati hatunaye. Au tunaye?

Katika nchi hiyo Gombati lilikuwa jina la kawaida kabisa, jina la kila uchochoro. Kulikuwa na Gombati mkwezi wa minazi, Gombati mwalimu wa madrasa, Gombati mwizi wa kuku, na Gombati mwingine aliyemkimbiza Gombati mwizi wa kuku. Ukiita "Gombati!" sokoni, nusu ya soko inageuka, na nusu iliyobaki inauliza mume wangu kafanya nini tena. Hakuna aliyeona ajabu.

Kisha Gombati mmoja akawa Rais.

Mimi simsemi vibaya. Mtu akipata kiti lazima ajitandikie. Alianza na uwanja wa ndege, na hilo lilieleweka, maana ndiye aliyekuwa akisafiri. Likafuata daraja. Ukafuata uwanja wa mpira, mto, soko, stendi, shule zote za wavulana, halafu za wasichana ili pasiwe na ubaguzi. Likafuata ziwa, ambalo lilikuwa na jina la mababu, lakini mababu hawakuja kulalamika. Gereza nalo liliitwa Gereza Kuu la Gombati kwa siku chache tu, mpaka mtu mmoja alipopiga simu redioni kuuliza kama mwenyewe yumo ndani. Alipelekwa akahakikishe. Hajarudi na jibu.

Ndugu zake nao hawakuachwa juani. Kaka yake alikuwa waziri wa maji, akapata Bomba la Gombati, bomba zuri la chuma linalong'aa, lina kila kitu isipokuwa maji. Mwanawe aliyekuwa anaimba puani akapata Jumba la Muziki la Gombati. Na kila asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, redio ilikuwa na kipindi kiitwacho "Gombati Wetu." Msomaji, mwenye sauti laini kama halua, alisoma bila kupumua: "Ndugu wananchi, mkisikia Gombati, huenda ni Gombati Rais, Gombati daraja, Gombati ziwa, Gombati mlima, Gombati mama mzazi wa Gombati Rais, au Gombati mbuzi wa Ikulu, mshindi wa maonyesho ya kilimo." Watu walikuwa wanakunywa chai huku wanasikiliza. Wengine walizima. Hao waliozima majirani waliwajua, na majirani wakiwajua, Tume nayo inawajua.

Ehe, Tume. Tume ya Hadhi ya Jina. Iliundwa kwa sababu ya wale Gombati wengine, wakwezi na wezi wa kuku. Serikali iliona si heshima Mheshimiwa kuchangia jina na watu wanaotembea pekupeku. Ikatoa amri: Gombati yeyote asiye mashuhuri achague jina jingine. Wa kwanza kupiga foleni alikuwa yule mwizi wa kuku. Alisema ahsanteni sana, jina lilikuwa linamharibia sifa kazini.

Wote wakabadilisha, isipokuwa mmoja: Mfaume Gombati, jirani yangu ukuta kwa ukuta.

*

Mfaume alikuwa fundi wa kupachika herufi. Kila ulipoona jina la Gombati juu ya paa, ujue Mfaume alikuwa huko juu na nyundo yake. Ndiyo maana Tume ilimvumilia. Walipomwambia abadilishe, alijibu: "Baba yangu hakuniachia shamba wala nyumba. Aliniachia jina, na yeye aliachiwa na babu, kabla huyo wenu hajajua kufuta kamasi. Nikilitoa nitabaki na nini? Nyundo?" Wakaangaliana. Herufi za stendi zilikuwa zinasubiri. Wakamwacha, kwa sharti moja lililokuwa limeandikwa katika sheria ya akina Gombati wote: Gombati hafi.

Msicheke. Ilikuwa sheria kamili, ilipigiwa makofi bungeni. Ilisema ni marufuku kutangaza kifo cha mtu yeyote aitwaye Gombati, kwa sababu wananchi wana moyo mwepesi, wakisikia tu Gombati amefariki wataanguka kwa uchungu nchi nzima, na uchumi utasimama. Gombati akizidiwa anasemwa "amehamishwa kikazi." Bibi yake Rais alikuwa amehamishwa kikazi siku nyingi, na bado analipwa.

Sasa kulikuwa na Hospitali ya Rufaa ya Gombati. Ilikuwa imekwisha kujengwa zamani. Vitanda vilikuwa ndani, dawa ndani, madaktari ndani na makoti meupe, wanaingia kwa dirisha la nyuma kwa kibali. Kilichokosekana ni mgeni rasmi. Mlangoni pamefungwa utepe mwekundu, na utepe haukatwi ila na Rais, na Rais alikuwa na tepe nyingi za kukata. Wagonjwa walilala nje kwenye ngazi wakivitazama vitanda kupitia kioo. Mwanamke mmoja alijifungua pale pale, mtoto akaanza kutambaa kabla mlango haujafunguliwa.

Mwishowe Ikulu ikasema Mheshimiwa yuko tayari, ila hawezi kufungua jengo lisilo na jina juu. Mfaume akapelekwa. Herufi zilikuwa za chuma, kila moja imempita urefu. Akaomba kamba ya kujifunga kiunoni. Akaambiwa kamba zote zimetumika kutundika mapambo. Akapanda hivyo hivyo. Akaweka G, akaweka O, akaweka M, akaenda mpaka T. Alipoinua I, upepo ukaisukuma, naye hakuiachia.

Mimi na mkewe, Sikudhani, tulikuwa barazani kwangu tunachambua mchele wa shughuli. Mimi kazi yangu ni kukodisha turubai, viti na spika. Kwa harusi wananiita Mama Turubai, kwa misiba pia. Tuliposikia ameanguka tulikimbia na mchele ukamwagika.

Tulimkuta Mfaume kwenye ngazi za mlangoni, bado anapumua. Wakubwa walikuwa wamezunguka, lakini wamezunguka herufi. "Imepinda?" "Imepinda kidogo huku." "Masikini!" Wakaifunika kwa kitenge.

Sikudhani akagonga kioo. Daktari akaja upande wa pili, kijana nadhifu, akachungulia kwa makini sana.

"Mama, pole. Namwona. Hali yake si nzuri. Anatakiwa aingizwe ndani sasa hivi."

"Basi fungua!"

"Kuna utepe, mama."

"Ukate!"

"Mimi ni daktari, mama. Si mgeni rasmi."

Walinzi wakasogea na bunduki zao mbele ya utepe. Na nasema jambo moja hapa, mnivumilie: mkasi ulikuwepo. Tuliuona kwa macho yetu, uko nyuma ya kioo, umelazwa juu ya mto wa hariri, unamsubiri Mheshimiwa. Na daktari kifuani alikuwa na mkasi mwingine, unachungulia mfukoni. Nchi ile haikukosa mikasi.

Mfaume akafia kwenye ngazi, kichwa mapajani mwa mkewe, na utepe unapepea juu yao kama wa bibi harusi. Kabla ya adhuhuri walinzi walikuwa wamepongezwa kwa kuulinda.

*

Tulimbeba kwa meza yangu ndefu, ile ya kupangia masufuria ya pilau. Nikafunga turubai, nikapanga viti. Akaoshwa, akakafiniwa. Kilichobaki ni kutangaza na kumzika baada ya alasiri, maana jua la nchi ile si la kuweka maiti. Ndipo akaja Katibu wa Tume, Bwana Lusasi, na suti ya kaunda na kibandiko cha picha ya Rais kifuani, kikubwa kama kisahani. Nyuma yake mjumbe wetu wa mtaa, Chande, anafuata huku anajifuta jasho kwa niaba ya wote wawili.

Bwana Lusasi hakukaa. Alikohoa kwanza.

"Nimekuja kwa moyo wa upendo mkubwa," alisema, "kutoa salamu za Tume, za Wizara, na za herufi, ambayo inaendelea vizuri. Sasa, kuhusu huyu ndugu aliyehamishwa kikazi..."

"Amekufa," Sikudhani alisema.

"Hilo ndilo tusilolikubali."

"Njoo umguse."

"Mama, usiniharibie suti. Sheria iko wazi. Gombati hafi. Lakini Tume si katili, ina huruma kama mzazi. Abadilishe jina leo, afe akiwa mtu mwingine, mkamzike kwa amani. Aje tu mwenyewe ofisini athibitishe."

Jirani mmoja akauliza kwa sauti ya upole, "Aje kwa miguu, au tumlete?"

"Utaratibu hauangalii miguu," alisema Bwana Lusasi. "Akishindwa, basi azikwe kama Mfaume Fulani. Lipo jina hilo, zuri, halina mwenyewe."

Mjumbe Chande akamwinamia Sikudhani. "Dada yangu, kubali. Jina ni nini? Marehemu hasikii."

Sikudhani alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga mbili mwilini, macho makavu. Alizungumza taratibu, kila mtu akasikia.

"Shemeji Chande, wewe umemjua Mfaume tangu mna suruali moja. Ulishawahi kumwita kwa nusu jina akageuka?"

Chande akatazama chini. "Hakuwahi."

"Kaburini shehe atamwita. Atamwita Fulani? Mume wangu hatageuka. Atalala pale anasubiri aitwe mpaka siku ya kiama, na wenzake wameshaitika wote. Walimnyima kamba. Walimnyima mlango. Wamechukua jina la kila mtu mtaa huu. Hili moja sitoi."

"Basi hazikwi," alisema Bwana Lusasi, "na spika ya msikiti imekwisha kukatwa waya, kwa upendo."

Kweli ilikuwa imekatwa. Adhana ya adhuhuri ilitolewa kwa mdomo mtupu.

Sikudhani akanigeukia mimi. "Mama Turubai, spika yako inafika wapi?"

Sasa wenzangu, mimi napenda watu, napenda shughuli ijae, lakini jela sipendi. Nikatazama meza yangu ya pilau, na aliyelala juu yake. "Upepo ukikubali," nilisema, "inavuka daraja."

Wanawake wakaanza kunong'ona kuwa mwenye eda hasimami mbele ya watu. Akawaambia, "Eda itanisubiri. Jua halitanisubiri." Akainuka, akashika kipaza sauti.

"Asalaam alaykum. Natangaza kifo. Mfaume Gombati amefariki leo, mlangoni pa hospitali. Maziko baada ya alasiri. Narudia. Gombati amefariki."

*

Mnajua habari inavyotembea. Mtaa wa kwanza ilifika nzima: Mfaume Gombati, jirani yetu, masikini. Mtaa wa pili jina la kwanza likawa limedondoka, maana nani alikuwa na haja nalo? Mtaa wa tatu hawakuuliza Gombati yupi. Watu waliolishwa jina hilo na chai kila asubuhi, wakajua katika nchi nzima Gombati amebaki mmoja tu wa kufa.

Na hapa, waheshimiwa, naomba nikiri kuwa bunge lilikuwa sahihi. Moyo wa mwananchi ulikuwa mwepesi. Ulikuwa mwepesi mno.

Kwanza kigelegele kimoja, mbali, upande wa stendi, cha mwanamke anayejaribu kama koo bado linafanya kazi. Kikajibiwa sokoni. Kikajibiwa ng'ambo ya daraja. Halafu mji mzima ukalipuka. Masufuria yakapigwa, magari yakapiga honi, mzee mmoja asiyetembea bila fimbo akaonekana anairusha fimbo juu na kuidaka. Wanajeshi wa pale darajani wakavua viatu wakachezea lami. Vijana wakapanda Jumba la Muziki wakang'oa jina, na kwa mara ya kwanza jumba likatoa muziki, wa chuma kikibamiza chini. Aliyekuwa na mbuzi akamchinja. Sisemi mbuzi yupi, ila Ikulu kulikuwa na zizi tupu jioni ile.

Bwana Lusasi alikuwa bado amesimama chini ya turubai langu. Yeye alijua aliyekufa ni nani, alikuwa hatua chache kutoka kwenye maiti. Lakini akasikiliza kigelegele cha kwanza, akasikiliza cha pili, akamtazama marehemu, akatazama barabarani, na nikaona imani ikimwingia usoni kama maji kwenye mkate. Mkono ukaenda kifuani. Kibandiko kikatoka, kikaingia mfukoni.

"Mimi nilikuwa nasema siku zote," alimwambia Chande, "yule mtu alizidi."

"Ulikuwa unamwambia nani?" Chande aliuliza.

"Nilikuwa nasema moyoni. Kwa nguvu."

Na akatoka akacheza. Kwa viuno, mtu na suti yake ya kaunda. Sikudhani alikuwa amekaa kando ya mumewe, anatazama nchi yake inavyosherehekea, na kwenye msiba wake alikuwa amebaki peke yake na mimi, Chande na shehe. Viti vyangu vyote vitupu. Hilo lilinikata maini kuliko yote. Sijawahi kufunga turubai likakosa watu.

Ikulu walisikia kelele. Wakadhani ni wananchi wanamshangilia Mheshimiwa. Wakachungulia, wakaambiwa ni kwa sababu gani. Ndipo runinga zote, za vinyozi na za migahawa, zikakatiza mpira. Akatokea Gombati mwenyewe, nguo ya kulalia, kofia ya jeshi.

"Mimi hapa," alisema. "Mzima. Najisikia vizuri kuliko jana. Daktari wangu wa nje ya nchi anasema nitaishi sana."

Akala ndizi mbele ya kamera ili waone.

*

Nimesikia vilio vingi, kazi yangu ndiyo hiyo. Sijasikia kama kile. Kilianza sokoni kwa mtu aliyeshika kichwa akasema "Mama yangu!" na kikaja juu kama nyumba inayoungua. Waliokuwa wanacheza wakakaa chini barabarani. Aliyechinja mbuzi akamkumbatia mbuzi. Wanajeshi wakatafuta viatu vyao wakilia hawaoni. Na kila aliyelia alikuwa na tatizo moja: analilia nini? Akiulizwa na Tume atasema nini? Nchi nzima, mahali pekee palipokuwa na kibali cha kulia ni chini ya turubai langu.

Wakaja. Walijaza viti, wakajaza mikeka, wakajaza mtaa hadi stendi, mpaka waliokaa mwisho walikuwa wanahani mtaa mwingine. Walimlilia Mfaume Gombati kwa machozi ya kweli, na katikati ya kilio wengi wakaanza kuuliza alikufaje, wakaambiwa habari ya kamba, ya utepe, na ya mkasi juu ya mto wa hariri. Basi kilio kikabadilika sauti. Kikawa kizito. Kikakaa kama ngurumo ndani ya vifua.

Bwana Lusasi alirudi amekibandika tena kibandiko, Rais kichwa chini miguu juu, analia kuliko wafiwa. Kwenye redio akasema: "Haijapata kutokea. Wananchi wanabubujikwa na machozi ya furaha kwa kumwona kiongozi wao mzima." Kwa hiyo hakuna aliyeweza kuzuia maziko. Yangezuiwa vipi? Ilikuwa furaha rasmi.

Jeneza likanyanyuliwa, likapita mkono kwa mkono juu ya vichwa. Njia ya makaburini inapita hospitalini, na desturi yetu wanawake hatufiki kaburini, kwa hiyo pale ndipo Sikudhani alipaswa kuagana naye. Msongamano ulikuwa mkubwa, kitambaa cha kufunikia jeneza kikawa kinateleza.

"Kamba!" waliita wabebaji. "Nani ana kamba?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Kamba zote zilikuwa kwenye mapambo.

Sikudhani akapanda zile ngazi. Walinzi walikuwepo, nyuso zimelowa, bunduki zimeinama. Mmoja akasema kwa sauti ya kukatika, "Mama, haukatwi."

"Sikati," alisema.

Akashika fundo, akalifungua taratibu kwa kucha, kama mtu anayefungua kanga ya mtoto aliyelala. Utepe ukaanguka mkononi mwake. Akashuka akaufunga juu ya jeneza, mara mbili, akakaza. "Nenda," akamwambia mumewe. Wanaume wakaenda naye.

Sisi tukabaki. Nilikuwa nimempa Chande spika abebe, kwa hiyo tulisikia yote kutoka makaburini: udongo, kimya, halafu shehe akiita kwa sauti kubwa, jina zima, mara ya kwanza na ya pili, "Ewe Mfaume Gombati!" Sikudhani aliketi pale pale kwenye ngazi alipofia mumewe. Aliposikia jina akainua kichwa, kama anayesikiliza mtu akijibu. Ndipo akalia.

Nyuma yake mlango ulikuwa wazi. Mgonjwa mmoja akainuka, akachungulia, akaingia. Wa pili akaingia. Yule daktari kijana akaja mbio, "Jamani, haijafunguliwa! Haijafunguliwa!" Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akampita bila kumtazama, akamlaza mtoto kitandani.

Rais alikuja siku nyingine na bendi yake, akakuta hakuna utepe, akarudi na mkasi wake. Kwa hiyo, kiserikali, Hospitali ya Rufaa ya Gombati mpaka leo haijafunguliwa. Waliopona mle, kiserikali, bado wanaumwa. Waliozaliwa mle, bado. Herufi ya mwisho iko chini, imefunikwa kitenge, maana hakuna fundi anayekubali kupanda nayo. Ukiuliza Tume lini itapachikwa, wanakujibu bila kucheka kuwa kazi hiyo ni ya Mfaume Gombati, na kwamba yuko kazini.